Mkia wa Herufi g

Jumatatu, 4 Novemba

Namwomba radhi yeyote atakayelisoma daftari hili, kwa kuwa halikununuliwa kwa ajili ya shajara. Lilikuwa la kwaya, na kurasa nane za mwanzo zina noti za sauti ya tatu ambazo sikuwa na moyo wa kuzichana.

Leo nimeanza kazi, nikiwa na umri wa miaka sabini na sita. Misheni inataka vitabu vyake vya zamani vya ubatizo viingizwe kwenye kompyuta kabla mchwa hawajavimaliza. Vimekwisha kupigwa picha, na picha hizo zimo katika kompyuta iliyoko Kasulu, ambayo hairuhusiwi kutoa nakala nje, kwa kuwa ndani yake mna siri za watu: nani alizaliwa nje ya ndoa, nani alibatizwa akiwa mahututi. Mimi niko Kibondo, katika chumba cha nyuma cha duka la Nasma, kwa sababu ndipo penye mtandao wa kuaminika. Nausoma ukurasa kwenye skrini, kisha nayaandika majina katika jedwali lililo pembeni yake. Nilichaguliwa kwa kuwa nilifundisha shule miaka thelathini na minane, na mwandiko wa mapadre wa kale haunishindi.

Nasma amenipa kiti chenye mto. Nilimwomba radhi kwa usumbufu. Akasema, "Mwalimu, mto huo ulikuwa wa paka. Mwombe radhi paka."

Jumatano, 6 Novemba

Majina arobaini. Mgongo unauma kidogo.

Jumanne, 12 Novemba

Kila nifunguapo ukurasa mpya, maandishi huja yakiwa yamevimba na kutapakaa, kama yameandikwa kwenye karatasi iliyolowa. Nilidhani ni macho yangu. Leo nikajipa ujasiri wa kumpigia simu Irakoze, fundi wa mitambo aliyeko Kasulu. Ni msichana wa miaka ishirini na minne; wazazi wake walitoka Burundi, nao ni raia wa nchi hii sasa na wanalima huko huko Kasulu. Hii ni kazi yake ya kwanza. Hupokea simu kwa salamu ya kwao, na huniita babu kwa Kirundi.

"Bwakeye, sogokuru!"

"Bwakeye, binti yangu. Samahani kwa kukukatiza kazi. Nadhani nimeiharibu kompyuta."

"Hujaiharibu, babu. Kompyuta yenyewe wala haiko hapo kwako. Iko huku, miguuni pangu. Huko inakuja picha yake tu. Yaani unaangalia video."

"Video ya nini?"

"Ya ukurasa."

"Lakini ukurasa hauchezi."

"Ndiyo raha yake! Usipocheza, mashine haina cha kutuma. Inatuma kilichobadilika tu. Ukisogeza kipanya, inatuma kipanya. Ukifungua ukurasa mwingine, hapo ndipo kazi: inatakiwa itume wote kwa mkupuo, na mtandao hautoshi. Basi inatanguliza picha ya ukungu, halafu inaongeza usafi kidogo kidogo. Wewe tulia tu, babu. Usipekuepekue."

Kazi hiyo ya kuibana picha ili ipite kwenye njia nyembamba, kisha ifumuliwe upande wa pili, anaiita kusimba. Nimelipenda neno hilo. Nilimshukuru na kumwomba radhi kwa ujinga wangu, naye akasema kwamba nikiendelea hivyo ataanza kuzihesabu radhi.

Baadaye nilifungua ukurasa, nikaiweka mikono magotini na kusubiri. Maandishi yalijikusanya polepole hadi nikaona mistari ya nibu ya padre, myembamba kama nywele.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua ya mawe. Mtandao haukuwepo. Nimewasaidia watoto wa Nasma hesabu za sehemu.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimefika mahali pagumu. Mapadre waliandika ubatizo kwa wino mweusi, lakini ndoa na vifo waliviongeza pembeni kwa wino mwekundu. Mweusi hutakata baada ya dakika moja. Mwekundu hautakati hata nikisubiri muda wa kusali rozari nzima. Nilisita kumpigia Irakoze mara ya tatu kwa wiki moja, lakini nilifikiri kwamba marehemu wana haki ya tarehe zao.

"Ni rangi, babu," alisema baada ya kutazama upande wake. "Macho ya binadamu yanashika mwanga na giza kuliko rangi. Kwa hiyo mashine ikibanwa, inabana rangi kwanza: vidoti vinne vinagawana rangi moja. Kwenye sinema hakuna anayegundua. Kwenye wino mwembamba mwekundu unaona uji wa ulezi."

"Haiwezekani kila kidoti kikapewa rangi yake?"

"Inawezekana. Ila picha itakuwa nzito, na kampuni imeagiza tutumie ile nyepesi."

"Basi tuache, binti yangu. Samahani sana kwa kuuliza."

Jumamosi, 23 Novemba

Wino mwekundu umetakata! Irakoze amebadilisha mpangilio kwa kompyuta yangu peke yake. "Nitamweleza Bwana Athuman mwenyewe," alisema. Bwana Athuman ni msimamizi wa kampuni iliyopewa kazi hii, mtu wa Kasulu, mpole lakini mwenye kufuata utaratibu. Kurasa sasa huja taratibu zaidi, ila zikisha kuja huwa kama ziko mkononi mwangu. Nimesoma kifo cha mtoto wa siku tatu, na pembeni padre ameandika kwa nyekundu: "mvua kubwa, sikuwahi." Sikujua kama mapadre nao waliomba radhi.

Jumatatu, 2 Desemba

Vitabu viwili vya parokia ya Busunzu vimekwisha; tangu wino utakate nilibakiwa na tarehe nyekundu tu za kujaza, majina yalikuwa tayari. Leo nimeanza cha tatu, cha upande wa Mabamba, mpakani. Familia nyingi humo zilitoka Burundi, na majina ni marefu na yenye maana tamu.

Jumatano, 11 Desemba

Nasma huleta chai saa nne, kisha husimama nyuma yangu akitazama. Familia yake ni ya Pangani. Aliletwa huku na ndoa.

"Hilo jina refu kama kamba ya kisima, linasemaje?"

"Ndihokubwayo. Maana yake, nipo kwa ajili Yake, yaani Mungu."

"Mashaallah. Miaka kumi na mmoja niko hapa, na Kiha changu ni salamu na bei. Kirundi ndiyo kabisa, sisikii kitu."

Nilimwambia kwamba lugha hizo ni ndugu na kwamba ningeweza kumfundisha. Akasema akishajua atashindwa kujifanya hasikii wateja wanapomsema.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Misa, kisha wali kwa Nasma, ambaye hakukubali nile peke yangu. Irakoze alipiga simu kunitakia heri, na nyuma yake nilisikia familia nzima ikicheka.

Jumanne, 7 Januari

Kitabu cha Mabamba kimekwisha. Majina elfu moja mia sita na tatu. Najisikia kama niliyepanda mlima.

Jumanne, 14 Januari

Mambo mabaya yametokea.

Bwana Athuman alipiga simu asubuhi. Watu wawili kutoka Mabamba, Esteri na kaka yake Nkunzimana, walikwenda kwenye ofisi ya kata kuandikisha shamba la marehemu baba yao kwa majina yao wawili. Nkunzimana alikuwa na cheti cha ubatizo cha zamani, kilichonakiliwa kwa mkono kutoka kitabuni. Esteri alikuwa na cheti kipya, kilichotoka kwenye jedwali langu. Cha Nkunzimana kinamtaja baba kuwa Ndihokubgayo, kwa b na g. Cha Esteri kinasema Ndihokubwayo, kwa b na w. Karani amewaambia kwamba kwa mujibu wa karatasi wao si watoto wa baba mmoja, na shamba haliandikishwi.

"Tumekilinganisha kitabu kizima na jedwali," alisema Bwana Athuman. "Kuna makosa sitini na moja ya namna hiyo hiyo. Vitabu viwili vya mwanzo havina hata moja. Nimeuliza nini kilibadilika, nikaambiwa Irakoze aligusa mpangilio wa picha tarehe ishirini na tatu Novemba bila ruhusa. Picha imekula mikia ya g, Mwalimu. Wewe huna lawama."

"Na yeye?"

"Mkataba wake unaisha tarehe thelathini na moja. Nimeshawaandikia wakubwa kwamba usiendelezwe."

Nilisema, "Naomba radhi," nisijue hata ni kwa lipi. Mvua ilinyesha juu ya bati hadi jioni, nami sikuandika jina hata moja.

Jumatano, 15 Januari

Nitajitahidi kuandika haya kwa utaratibu.

Nilifika dukani mapema, nikafungua kurasa zenye makosa, moja baada ya nyingine, nikazisubiri zitakate. Mikia ya g ilikuwepo yote, mirefu na yenye kujikunja, kwa kuwa padre wa Mabamba alikuwa na mwandiko wa madaha. Nikajiambia kwamba pengine leo picha ni nzuri na mwezi uliopita ilikuwa mbaya. Hilo lingemhukumu Irakoze. Basi nikayachunguza makosa yenyewe.

Katika kitabu hicho mna maneno mengi ya Kilatini, na majina ya mapadre wa Ulaya yenye herufi zisizotamkika. Niliyapitia yote. Hakuna kosa hata moja. Kama picha ingekuwa inakula mikia, ingekula na mikia ya Kilatini. Tena makosa yote sitini na moja yanaelekea upande mmoja. Hakuna mahali ambapo w imegeuka kuwa g. Ni bg daima inayogeuka kuwa bw. Ndihokubgayo imekuwa Ndihokubwayo. Kubgimana imekuwa Kubwimana. Ukungu hauchagui namna hiyo. Anayechagua namna hiyo ni mwalimu.

Kwa maana bg ni tahajia ya kizamani ya ng'ambo ya mpaka. Sauti ni ile ile. Watoto wa familia hizo walipokuja darasani kwangu wakiandika bg, niliikata kwa wino mwekundu na kuandika bw juu yake, kwa miaka thelathini na minane. Mkono wangu umeendelea na kazi hiyo bila kuniarifu. Niliambiwa ninakili, nami nikasahihisha. Na makosa yalianza Desemba kwa sababu kitabu cha Mabamba kilianza Desemba. Busunzu hakukuwa na bg ya kusahihishwa.

Nikaikumbuka barua ya kwanza ambayo Epifania, marehemu mke wangu, aliniandikia tulipokuwa wachumba. Ilikuwa na makosa manne. Niliyasahihisha kwa nyekundu, nikamrudishia, nikidhani ni wema. Hakusema nami kwa miezi miwili. Tulipopatana aliniambia, "Nilikuandikia wewe. Sikumwandikia mwalimu." Nilicheka wakati ule. Leo sikucheka.

Ijumaa, 17 Januari

Nimempigia Bwana Athuman na kumweleza yote: Kilatini, bg, darasa, hata barua. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mzee wangu," akasema, "Mungu akubariki. Una moyo mzuri."

"Si moyo, Bwana Athuman. Ni kosa langu. Naomba radhi."

"Mwalimu Stanislaus, wiki iliyopita uliniomba radhi kwa sababu umeme ulikatika Kibondo. Mwezi uliopita uliniomba radhi kwa sababu mimi nilichelewa kukupigia. Leo unataka kumbebea huyu binti. Naelewa, hata mimi ninampenda kama mwanangu. Lakini wakubwa wanataka sababu, na sababu ipo kwa maandishi: aligusa mpangilio."

"Lakini Kilatini, je?"

"Kilatini unakijua kwa moyo, mzee wangu. Hata ungefumba macho ungekiandika sawa."

Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, ingawa haikuwa kweli.

Jumatatu, 20 Januari

Irakoze alipiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Babu, usinibebee. Nimekosa. Ilikuwa nimwambie Athuman, nikawa naahirisha, kesho, kesho kutwa."

"Hilo ni kosa lako, binti yangu, na sikuondolei. Lakini mikia ya g ni yangu."

"Basi, sogokuru. Hata wewe huwezi kujua ulichokiona mwezi uliopita. Video haibaki. Ikishapita imepita."

Aliniambia kwamba amekwisha kuwaeleza wazazi wake, na kwamba baba yake alisema tu, "Jembe lipo." Baada ya simu nilibaki nimeikodolea macho skrini mpaka Nasma akaja kuchukua kikombe, nami nikamweleza yote.

"Mwalimu, usikasirike," alisema. "Radhi zako zimekuwa kama 'karibu' ya mwenye duka. Nani anaisikia? Hapo huwezi kumwambia mtu. Umwonyeshe."

"Nimwonyeshe nini?"

"Kosa. Likosee mbele yake. Hicho kitabu chenyewe cha karatasi si kipo Kasulu? Basi kanakili humo, pasipo kompyuta wala picha. Ukikosea na karatasi iko puani, atasingizia nini tena?"

Ninaandika hapa kwamba wazo ni la Nasma.

Ijumaa, 24 Januari. Kasulu

Shamsi, mume wa Nasma, alikuwa akipeleka maharage Kasulu, akanipakia mbele ya Fuso lake. Barabara ililowa lakini tulifika kabla ya saa nne.

Bwana Athuman alinipokea kwa heshima nisiyostahili, akaniwekea Kitabu cha Mabamba mezani, karatasi nyeupe, na kalamu. Alikubali jaribio hili, nadhani, ili kunituliza. Nilichagua kurasa za mwisho wa kitabu. Tulikubaliana kwamba nitanakili kwa kasi yangu ya kawaida, naye atakagua kila ukurasa nikiumaliza. Moyoni niliweka ahadi ya kutokosea hata herufi moja kwa makusudi, kwa kuwa hilo lingekuwa uongo, na uongo usingemsaidia mtu. Kumbe nilikuwa nimejitega mwenyewe.

Kwa maana sikukosea. Ukurasa wa kwanza, majina ishirini na mawili: safi. Wa pili: safi. Kila bg ilipotokea niliiona kama nyoka njiani, nikaiandika kwa uangalifu, na mkia wake. Wa tatu, wa nne, wa tano: safi. Sijapata kuhuzunishwa hivyo na kazi nzuri. Nilijikuta nikisali sala ambayo sikuwahi kuisali, kwamba nikosee, kisha nikamwomba Mungu radhi kwa kumsumbua na jambo la namna hiyo.

"Unaona, Mwalimu?" alisema Bwana Athuman kwa upole, akifunika kalamu yake. "Majina mia moja na kumi, hakuna mkia uliopotea. Ukiona vizuri unaandika vizuri. Twende tukapate chakula."

"Ukurasa mmoja zaidi, tafadhali. Samahani."

"Mzee wangu..."

"Mmoja tu."

Alikaa. Nilifungua ukurasa wa sita. Jina la kwanza lilikuwa la mtoto ambaye msimamizi wake wa ubatizo alikuwa Ndayiragije, fundi seremala, niliyemfahamu! Ndiye aliyetengeneza madawati ya darasa langu la kwanza, na la mbele kabisa lilikuwa na mguu mfupi, kwa hiyo kila mtoto aliyeandika hapo mwandiko wake ulipanda mlima. Nilimweleza Bwana Athuman huku nikiandika. Alicheka, akasema shuleni kwao nako kulikuwa na dawati hilo. Jina lililofuata lilikuwa la mwanamke aliyewahi kumfukuza fisi kwa mwiko wa ugali, na watu wa Mabamba bado wanabishana kama ulikuwa na ugali au hapana. Bwana Athuman akataka kujua mwisho wake. Nilimpa mwisho wake, na wa jirani yake, na wa mapacha waliobatizwa siku moja kwa majina yaliyobadilishwa kimakosa, wakaishi hivyo hivyo. Naye akanisimulia habari za babu yake wa Ujiji. Sijui muda gani ulipita. Niliposema "Tayari," chakula tulikuwa tumekisahau sote.

Aliuchukua ukurasa akiwa bado anatabasamu. Akaanza kulinganisha. Tabasamu likaondoka taratibu. Akaweka kidole.

"Hapa," alisema. Kisha, "Na hapa. Na hapa tena."

Nilichungulia. Kubwimana. Ndihokubwayo. Katika kitabu, chini ya vidole vyake, g zilikuwa zimening'iniza mikia yao kwa wino mweusi mzito, karatasi ikiwa sentimita thelathini kutoka kwenye pua yangu, dirisha wazi, mchana mweupe. Bg zilikuwa kumi na moja. Nilikuwa nimezisahihisha saba.

"Na hapa," akasema Bwana Athuman, "padre hakuweka mkato. Wewe umemwekea."

"Ulihitajika," nilisema, kabla sijaweza kujizuia.

Aliegemea kiti na kujifuta uso kwa leso.

"Kwa hiyo picha ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima, Bwana Athuman. Ilikuwa nzuri kuliko zote."

Alimwita Irakoze kutoka chumba cha mitambo. Ni mrefu kuliko sauti yake, na alikuwa amevaa sweta la shule alilolifumua nembo. Bwana Athuman alimwonyesha tu kitabu na karatasi yangu. Akasoma kimoja, akasoma kingine, kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Babu! Umefeli!"

"Nimefeli, binti yangu. Saba kati ya kumi na moja."

Akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha ikawa ni machozi tu, akageukia dirisha. Bwana Athuman alimpa muda. Baadaye alimkaripia, kwa haki, kwamba mpangilio haubadilishwi kwa siri hata kwa wema, na kwamba asingeaminika tena kirahisi. Irakoze aliitikia, "Ndiyo, baba," kila mara. Kisha Bwana Athuman akaiandika upya barua kwa wakubwa, mbele yetu, na mimi nikatia sahihi chini yake. Aliniomba nisiisahihishe.

Jumamosi, 25 Januari

Nimerudi Kibondo na Shamsi. Nimelala mchana kutwa.

Ijumaa, 31 Januari

Mkataba wa Irakoze umeendelezwa kwa mwaka. Amenipigia na kupiga kelele ambazo Nasma amezisikia kutoka dukani. Kurasa zenye wino mwekundu zitaendelea kupewa rangi kamili, safari hii kwa ruhusa na kwa maandishi.

Kuhusu mimi, Bwana Athuman ameuliza kwa adabu kama naona naweza kuendelea. Nilijibu kwamba peke yangu siwezi. Mkono niliokuwa nao tangu ujana hautajifunza kunyamaza sasa. Nimependekeza msomaji ambaye majina haya hayamwambii chochote.

Jumatatu, 10 Februari

Nasma ameanza. Yeye hukaa mbele ya skrini na kusoma herufi moja moja, mimi huandika.

"Ka. U. Ba. Ga. I. Ma. A. Na. A. Sijui nasema nini, Mwalimu."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Umeandika ga?"

"Nimeandika ga."

"Hebu nione." Akainama kwenye jedwali. "Sawa. Nilikuwa sikuamini."

Tunapitia upya kitabu chote cha Mabamba.

Alhamisi, 20 Februari

Mvua. Kurasa nne tu. Nasma amekataa kujifunza Kirundi tena, na sasa ana sababu ya kikazi.

Jumanne, 4 Machi

Elfu moja mia sita na tatu, mara ya pili. Bwana Athuman amekagua. Hakuna kosa.

Ijumaa, 21 Machi

Leo Irakoze amekuja Kibondo mwenyewe, ametumwa na ofisi kukabidhi vyeti vilivyorekebishwa. Nasma alimkumbatia kama mtu wa kwao. Niliona haya kidogo kwamba binti huyo, ambaye ukiondoa ile siku moja ya Kasulu ameniona kwa miezi mitano kama mshale mdogo unaotangatanga kwenye skrini, sasa ananiona na viatu vyangu vya matope.

Esteri na Nkunzimana walikuja kutoka Mabamba mchana. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya kuwaomba radhi, nimeyaandika hata kwenye karatasi. Esteri ni mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno. Alinisikiliza hadi sentensi ya tatu.

"Mwalimu, karani anafunga saa tisa."

Basi Irakoze akamkabidhi cheti chake. Nkunzimana alitoa cha kwake mfukoni, wakaviweka pamoja juu ya kaunta ya Nasma, kati ya vocha na vitenge, wakalinganisha jina la baba kwa vidole, herufi kwa herufi. B, g. B, g. Nilimuuliza Nkunzimana, kwa kuwa jambo hilo limenisumbua tangu Januari, baba yao mwenyewe alikuwa akiliandikaje.

"Baba?" alisema. "Baba hakujua kuandika. Aliweka dole gumba tu."

"Ulikuwa ukimwita, anakuja," alisema Esteri.

Wakaondoka kuwahi karani. Walikuwa wamefika barabarani Irakoze alipogundua kwamba Esteri hakutia sahihi kwenye kitabu cha makabidhiano. Nilitoka hadi kizingitini. Majina yao yalinitoka kichwani kabisa, kama inavyonitokea siku hizi, likabaki lile la baba yao, ninalolijua kuliko yote, nikaliita kwa sauti yangu ya darasani.

Waligeuka wote wawili kwa pamoja na kuitika.

"Sasa hiyo ilikuwa bg au bw, babu?" Irakoze aliniuliza nyuma yangu.

Nilimwambia kweli, kwamba kwa sikio sijui.